Majike Wawili na Daftari Moja

Mbuzi wa maziwa mwenye uzito wa kilo 45 hula kilo nane hadi kumi za majani mabichi kwa siku. Hapa Manyatta, Kisumu, hakuna malisho. Kuna ua wenye vyumba vya kupangisha pande tatu, kamba za nguo katikati, na pengine mwembe mmoja uliopandwa na babu kabla mji haujafika. Kila jani atakalokula mbuzi wako litaletwa na mtu, kwa kichwa, kwa mkokoteni au kwa boda boda. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza ni mbuzi wa aina gani. Uliza majani yatatoka wapi, nani atayaleta, na siku ya matanga nyumbani nani atamshikia kazi.

Ukishapata jibu, nunua majike wawili. Mmoja peke yake hulia mchana kutwa mpaka wapangaji wakuchukie. Watano nao hutawaweza: watano wenye njaa hutoa maziwa kidogo kuliko wawili walioshiba. Na beberu usinunue kabisa. Nitakueleza sababu, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu mambo.

Kwanza majani. Matete ndiyo tegemeo la kila mfugaji wa mjini, lakini matete hujaza tumbo tu, hayajazi kiwele. Yakate yakiwa yamefika kimo cha mita moja hivi. Yakizeeka yanakuwa vijiti na mbuzi atayachagua mpaka akuache na nusu ya mzigo chini. Yale ya kando ya mto Auji yanastawi kwa sababu unayoijua: mto ule unabeba maji taka. Ukilazimika kuyatumia, kata sehemu ya juu tu na uyaanike nusu siku kabla ya kulisha. Wakati wa kiangazi utapata nyasi kavu za mpunga kutoka Ahero, na vilele vya miwa kutoka upande wa Kibos. Vinyunyizie molasi kidogo ili viliwe. Soko la Kibuye nalo lina majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi na majani ya nje ya kabeji ambayo akina mama huyatupa jioni. Zoea kupita na gunia.

Kinachojaza kiwele ni majani ya miti na mimea ya jamii ya kunde: kaliandra, lusina, sesbania ile inayoitwa asao kwa Kijaluo. Utafiti wa kilimo mseto nchini Kenya ulionyesha kuwa kilo tatu za kaliandra mbichi zinaweza kushika nafasi ya kilo moja ya chakula cha ng'ombe wa maziwa cha dukani. Kaliandra hupandwa kwenye ua, juu ya mpaka, mahali ambapo hata sukuma wiki haiwezi kukaa. Na kama nyumbani kwenu ni Siaya au Homa Bay, uliza kama kuna jirani anayelima kwa mtindo wa vuta-sukuma, ule uliokuzwa na kituo cha utafiti cha icipe kule Mbita. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu ili kufukuza kiwavi na kuua gugu la kayongo, na desmodiamu hiyo hukatwa mara kwa mara. Ikikaushwa vizuri kivulini inafungwa marobota na kupanda matatu ya kwenda Kisumu kama mzigo mwingine wowote.

Machicha ya bia ni chakula kizuri, bora yawe mabichi. Yakianza kuota ukungu mwaga. Vumbi la omena lina protini nyingi, lakini linalouzwa rejareja mara nyingi ni nusu mchanga. Gugu maji ni karibu maji matupu, halafu lina tabia ya kunyonya sumu za ziwani, kwa hiyo usijichoshe kulibeba. Na nyabend winy, kile kichaka chenye maua ya rangi mbili kinachoota kwenye kila ua uliosahauliwa, usikubali kichanganywe na mzigo: huharibu ini, na mbuzi mweupe aliyekila huchubuka ngozi akipigwa na jua.

Utaniuliza kwa nini usimwachilie tu atembee barabarani kama mbuzi wa kienyeji wanavyofanya tangu zamani. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ila ile iliyokuwepo haikupotea siku hiyo. Bado imo kwenye majalala yetu, na mbuzi huipenda kwa ajili ya chumvi na mafuta yaliyoshika humo. Siku moja nilisimama buchani mtu akipasua tumbo la mbuzi; alitoa bonge la plastiki lililosokotana kama kamba ya katani, kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Mnyama alikuwa amekonda na mwenyewe alidhani ni minyoo. Wa maziwa afugwe ndani, akae bandani, chakula kimfuate.

Banda lenyewe si kazi kubwa, ingawa lina mambo mawili yasiyopuuzwa. La kwanza ni sakafu ya mabanzi iliyoinuliwa juu ya ardhi kwa sentimita 60 au zaidi. Masika ya Machi hadi Mei maji hupita uani kama mgeni aliyealikwa, na mbuzi anayelala kwenye maji huoza kwato na kukohoa. Acha nafasi ya sentimita moja na nusu kati ya banzi na banzi: kinyesi kianguke, kwato isizame. La pili ni hewa. Jua la Kisumu juu ya mabati hugeuza banda kuwa tanuri, basi acha wazi sehemu ya juu ya ukuta pande mbili, uzibe upande upepo wa mvua unakotokea. Kila mbuzi apate mita moja na nusu ya mraba. Hori iwe nje ya ukuta, na mbuzi atoe kichwa tu kula. Akiweza kuingiza mguu horini atakojolea chakula kisha akikatae, maana mbuzi ana kinyaa kuliko watu wengi ninaowajua. Kabla fundi hajapiga msumari wa kwanza, pita kwa ofisa wa mifugo wa kaunti ndogo ujue masharti ya kufuga mjini. Ni rahisi kusogeza banda likiwa bado kwenye karatasi.

Sasa mbuzi wenyewe. Kenya ilipata mbuzi wa maziwa wa gredi kwa njia mbili kubwa, zote katika miaka ya 1990: mradi wa FARM-Africa uliosambaza Toggenburg kule Meru, na chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa kilichoanzia upande wa Nyeri kwa msaada wa Wajerumani na kusambaza Alpine. Lakini sisi wa huku tulikuwa na jaribio letu mapema zaidi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kenya wakishirikiana na vyuo vikuu vya Marekani walitengeneza mbuzi wa maziwa na nyama kwa ajili ya wakulima wadogo, wakimzalisha Ol Magogo karibu na Naivasha na kumjaribu kwenye mashamba ya wakulima wa magharibi, Maseno ikiwa kituo. Damu yake ilikuwa robo nne: Toggenburg, Anglo-Nubian, Galla na mbuzi mdogo wa kienyeji. Leo ni nadra kumpata akiwa safi, ila wazo lililokuwa nyuma yake ndilo ninalokuuzia: kwenye joto, kupe na majani ya kuokoteza, nusu ya damu iwe ya watu wa hapa.

Au angalau robo. Jike wa kienyeji hutoa chini ya nusu lita kwa siku, na hiyo mtoto wake anaitaka. Akipandwa na Toggenburg, binti yake ana nusu ya damu ya kigeni. Binti huyo akipandwa na Toggenburg mwingine, mjukuu ana asilimia 75. Baada ya hapo ni 87.5, na vitabu vya usajili vinaendelea kumpandisha daraja mpaka aitwe wa asili kamili. Wauzaji watakuambia panda juu. Mimi nasema simama kwenye 75. Aliyelishwa vizuri hapo atakupa lita mbili hivi, na akikosa chakula kizuri wiki moja hafi. Yule wa juu zaidi anataka chakula cha dukani kila siku na daktari kila mwezi. Saanen, yule mweupe pe, namwachia mtu wa Limuru. Jua letu humchoma mpaka kiwele.

Sokoni neno "gredi" halina maana. Kila mbuzi mwenye mistari myeupe usoni ni gredi siku ya kuuzwa. Nenda kwa mwenye mbuzi nyumbani kwake, jioni, uone akikamuliwa, kisha urudi asubuhi uone tena, maana jike asiyekamuliwa siku nzima anaweza kukudanganya kwa kiwele kilichojaa. Baada ya kukamuliwa kiwele kinywee kama mfuko mtupu. Kikibaki kigumu, hilo ni gamba la ugonjwa na si maziwa. Chuchu ziwe mbili, si tatu wala nne. Vuta kope la chini uangalie rangi ya ndani: nyekundu ni salama, nyeupe ni minyoo inayonyonya damu. Mwisho uliza mama yake alitoa kiasi gani. Asiyejua jibu hakuwa akiandika, na ukinunua kwake unanunua bahati nasibu.

Tufike kwa beberu. Ananuka, na harufu hiyo haitoki kwa uchafu: tezi zilizo nyuma ya pembe huitengeneza, naye huongeza kwa kujikojolea ndevu makusudi. Kwenye ploti yenye wapangaji kumi hiyo ni kesi ya chifu. Harufu hiyo huingia hata kwenye maziwa ya majike anaolala nao. Zaidi ya hayo, beberu mmoja anaweza kuhudumia majike zaidi ya ishirini, sasa wewe mwenye wawili unamlisha kwa kazi gani? Njia iliyofaulu Meru ni kituo cha beberu: kikundi kinanunua mmoja mzuri, anakaa kwa mwanachama mwenye nafasi, wengine wanaleta majike na kulipa ada ndogo ya kumlisha. Wanaofuga Manyatta, Kibos na Kajulu wakiungana wanamweka huko nje kwenye nafasi.

Beberu huyo ana muda wake. Akipanda leo, mtoto atazaliwa baada ya miezi mitano. Binti huyo atakuwa tayari kupandwa akifika mwaka mmoja. Jumla miezi 17. Kabla ya mwezi huo kufika, beberu awe ameondoka, la sivyo atapanda binti zake, na damu ikirudiana utaona watoto wadogo, dhaifu, wenye taya fupi, na maziwa yanayopungua kizazi hadi kizazi. Vikundi viwili vilivyo mbali vibadilishane mabeberu kila miezi 16. Haigharimu kitu zaidi ya nauli ya pikapu.

Halafu kuna jambo la pembe, ambalo sikuambiwa na mtu na lilinigharimu mwaka mzima. Jike wangu wa kwanza alikuwa kipara, hajaota pembe tangu azaliwe. Nikapenda, maana ni mpole na hapigi watoto. Nikatafuta beberu kipara vilevile, nikidhani nakusanya upole. Akazaa jike mmoja mzuri ajabu, mrefu, kifua kipana. Nikampa jina, nikawakatalia wanunuzi watatu. Akafika mwaka mmoja haonyeshi joto. Akafika miezi 15. Nikamwita daktari wa mifugo, akachuchumaa nyuma yake, akainua mkia na kutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Mama, huyu umemwona vizuri?"

"Nimemwona kila siku, daktari."

"Njoo basi uone hapa."

Chini ya tupu palikuwa na kitu kama punje ya dengu, kigumu. Na nikakumbuka kuwa kwa wiki kadhaa alikuwa akipanda wenzake na kunusa mikojo yao. Alikuwa huntha. Hazai, hakamuliwi.

Sababu ni hii. Kutokuwa na pembe ni sifa inayotawala: mbuzi akiirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, hatoi pembe, na hana tatizo. Akiirithi kutoka kwa wote wawili, na alikusudiwa kuwa jike, viungo vyake vya uzazi havikamiliki. Ukikutanisha vipara wawili, kwa wastani binti mmoja kati ya wanne huharibika hivyo. Toggenburg, Saanen na Alpine wote wana jambo hili. Dawa yake haiuzwi: mmoja kati ya wazazi lazima awe na pembe alizozaliwa nazo. Angalia usije ukadanganywa na aliyechomwa pembe utotoni, huyo ni wa pembe na anafaa. Utamjua kwa makovu mawili magumu kichwani. Kwa mtoto mchanga, tazama nywele za utosi: wa pembe ana vizingo viwili vya nywele, kipara ana nywele laini zinazolala upande mmoja.

Jike asiye na beberu karibu ni mgumu kumsoma. Joto humjia kila siku 18 hadi 21 na hukaa siku moja au moja na nusu. Atapunga mkia upesi upesi, atalia bila sababu, maziwa yatapungua, tupu itavimba kidogo. Kuna ujanja wa zamani: chukua kitambaa, mpanguse nacho beberu kati ya pembe na kwenye ndevu, ukifunge ndani ya kopo lenye kifuniko. Kila asubuhi mfungulie jike anuse. Siku ya joto atang'ang'ania kopo hilo kama mtoto na biskuti. Ukimwona asubuhi, mpeleke jioni. Ukimwona jioni, mpeleke kesho yake asubuhi. Mtamba asipandwe kabla hajafikisha kilo 30 hivi, hata kama joto limeanza akiwa na miezi mitano. Na watoto wa kiume watengwe wakifika miezi mitatu, kwa maana hawaheshimu dada wala mama.

Sasa fungua daftari. La shule linatosha, ukurasa mmoja kwa kila mbuzi. Wa jike wangu mkubwa una mstari kama huu: amepandwa 25 Januari, beberu wa Kajulu, ana pembe. Chini yake: 15 Februari, hajarudi joto. Chini yake: kuzaa 24 Juni. Ni siku 150 tangu kupandwa, na tofauti huwa ni siku chache tu. Mwezi sikuuchagua kwa bahati. Ukimpandisha Januari au Februari anazaa masika yakiwa yamekwisha: banda limekauka, matete yamejaa kila mahali, watoto hawashikwi na kichomi wala kuharisha damu. Mwandikie pia maziwa, angalau siku moja kwa wiki, asubuhi na jioni. Miezi miwili kabla ya kuzaa acha kumkamua apate nguvu. Siku unayoacha, iandike.

Usiku wa kuzaa huna kazi nyingi. Kiwele kimejaa, mishipa pembeni mwa shina la mkia imelegea mpaka vidole vyako vinakutana, naye anakwaruza sakafu. Funika mabanzi kwa nyasi kavu. Ukiona kwato mbili na pua vinatangulia, kaa kimya. Akisukuma saa nzima bila kitu kutokea, piga simu. Mtoto akitoka mpanguse pua, chovya kitovu kwenye ayodini, na hakikisha amenyonya dang'a ndani ya saa ya kwanza. Baada ya saa sita utumbo wake huanza kushindwa kupokea kinga iliyomo. Ukikosa kitu kingine chote, hilo lisikose.

Maradhi nitayapitia haraka, kwa kuwa mengi yanazuilika na yaliyobaki ni ya daktari. Chanja dhidi ya homa ya mapafu ya mbuzi na dhidi ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ilithibitishwa Kenya mwaka 2006 ikitokea kaskazini. Usimpe kila mmoja dawa ya minyoo kwa kalenda. Angalia kope, mpe aliyepauka, maana dawa ya ovyo huzalisha minyoo sugu. Kupe watafute masikioni na chini ya mkia, hasa majani yakitoka kando ya ziwa. Tumbo la kushoto likifura kama ngoma, mnyweshe kikombe kidogo cha mafuta ya kupikia, polepole yasiende mapafuni, na umtembeze huku daktari akija.

Maziwa yakamue kwa mikono iliyooshwa, matone ya kwanza yaangukie kikombe cheusi ili uone kama yana mabonge. Yachemshe kabla ya mtu yeyote kunywa, hata wewe mwenye mbuzi, kwa kuwa brusela haimwogopi mwenyewe. Wateja watakuja wakiamini kuwa yanaponya kila kitu. Wauzie, ila usiwauzie imani hiyo, na mama mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwambie wazi kuwa hayachukui nafasi ya ziwa lake: hayana asidi ya foliki ya kutosha. Samadi usiitupe. Ile ya chini ya sakafu hukaa kavu, punje punje, na wanaopanda sukuma kwenye magunia huja kuichukua wenyewe.

Beberu wetu wa sasa anafikisha miezi 16 kwetu mwezi huu. Tumekubaliana na kikundi cha upande wa Ahero: wao wachukue wetu, sisi tuchukue wao. Jumamosi nilikwenda kumwona huyo wao. Kahawia, mkubwa, harufu yake nilikutana nayo kabla ya lango. Mama yake, kwa daftari lao, alitoa lita mbili na nusu. Nikaingiza mkono kwenye nywele za utosi nikapapasa. Pembe zipo, zake mwenyewe.